Viti ishirini vya Ntinda, au meza sita za Malaba?

Swali: "Mimi ni wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda, mwaka wa tisa sasa. Pamoja na wenzangu watatu tumeweka akiba ya shilingi milioni 60. Shemeji yangu yuko kwenye kituo cha kupokea simu Nairobi, anasema biashara ya BPO duniani ni ya mabilioni ya dola na inakua kila mwaka. Tunataka kufungua kituo cha viti ishirini Ntinda, Kampala, tuhudumie wateja wa Marekani. Mwenzetu mmoja anapinga, anasema kompyuta zitazimeza kazi hizo zote. Je, tutaweza kushindana na Wahindi, Wafilipino na sasa Wakenya? Mwenye jengo anataka pango la miezi sita kabla ya mwisho wa mwezi."

Jibu:

Ndugu yangu wa Malaba,

Shemeji yako hakudanganya, na huyo mwenzenu mbishi naye hajakosea kabisa. Ila swali lako nimelisoma mara mbili kwa sababu ya jambo ulilolitaja mwanzoni na kulipita haraka, kwamba umekaa forodhani miaka tisa. Nitalirudia. Kwanza tumalizane na Wamarekani.

Ukubwa wa biashara hauna ubishi. BPO ni kampuni kuchukua kazi zake za ndani na kumpa mwingine azifanye kwa malipo: kupokea simu za wateja, kuandaa mishahara, kukagua madai ya bima, kuingiza hesabu vitabuni. Mwaka 2024 Ufilipino peke yake iliingiza takriban dola bilioni 38 kwa kazi hizi, ikiwa na wafanyakazi kama milioni 1.8. India, ukijumlisha na programu za kompyuta wanazotengeneza, ilikuwa imevuka dola bilioni 250 na watu milioni 5. Chukua hesabu ya Ufilipino uigawanye: kila mfanyakazi analeta karibu dola 21,000 kwa mwaka. Hayo ni malipo ya mteja kwa kampuni, si mshahara wa mpokea simu. Usiitaje namba hiyo hapo kwenye foleni ya malori, utabaki bila matanboi, wale wasaidizi wa madereva.

Namba hizo ndizo zinazowavuta watu Ntinda. Lakini tazama zilivyopatikana. British Airways ilipeleka kazi zake za ofisini Mumbai mwaka 1996, na mwaka uliofuata General Electric ikafungua ofisi yake karibu na Delhi, ile iliyokuja kuitwa Genpact. Hao hawakumpa kazi kijana wasiyemjua aliyekodi ghorofa moja. Walifungua jiko lao wenyewe, wakawafundisha wapishi wao, na miaka ilipopita ndipo jiko hilo likaanza kuwapikia majirani. Wafilipino walifungua soko lao la simu na kupitisha sheria ya maeneo maalumu ya uchumi katika mwaka mmoja, 1995, tena Kiingereza chao kilitokana na shule walizoanzishiwa na Wamarekani wenyewe enzi za ukoloni. Mkenya naye alianza kupumua mwaka 2009, mikongo ya intaneti ya baharini, SEACOM na TEAMS, ilipofika Mombasa. Kabla ya hapo sauti ilipitia setilaiti, na aliyewahi kuitumia anajua: mnasema wote wawili kwa pamoja, halafu mnanyamaza wote wawili kwa pamoja.

Kwa hiyo unapouliza kama mtaweza kushindana nao, mimi naona hamtakutana nao kabisa. Mwaka 2023 Teleperformance ya Ufaransa iliinunua Majorel kwa euro bilioni 3, na Concentrix ya Marekani ikaichukua Webhelp. Ni majitu ya kazi hizihizi za BPO, yanayoajiri watu kwa mamia ya maelfu. Benki ya Chicago inayotaka viti 500 huita majitu hayo, yanashindana yenyewe kwa yenyewe, na kazi hupelekwa Manila, Cape Town, Cairo au Nairobi kulingana na bei na lugha. Afrika Kusini serikali hutoa ruzuku kwa ajira zinazohudumia nje. Misri wanauza hadi Kijerumani. Nje kidogo ya Nairobi, pale Tatu City, kampuni ya simu ya CCI imefungua jengo la kuchukua maelfu ya watu. Sisi tulijaribu mapema kwa kituo cha kulelea kampuni changa za BPO katika jengo la Takwimu, Kampala, chini ya NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari. Lilikuwa jambo jema, lakini kulelewa si sawa na kupewa mteja.

Kinachomfikia mtu wa viti ishirini ni makombo ya makombo. Nasema hivyo kwa sababu niliyala. Niliwahi kusimamia vijana 14 katika ofisi moja hapa Kampala, tukifanya "mradi" wa Marekani tulioupata kwa dalali, ambaye naye aliupata kwa dalali. Mteja mwenyewe hatukuwahi kuisikia hata sauti yake. Ankara ya kwanza ililipwa nusu. Ya pili tuliambiwa ubora umeshuka. Ya tatu simu haikupokelewa tena. Baadaye ndipo nikajua kwamba kati yetu na mwenye kazi kulikuwa na mikono mitatu, na wa juu kabisa alikuwa akipokea karibu mara tatu ya kile tulichoahidiwa. Tulikuwa tumenunua mbuzi kwenye gunia, tena tulilipia na gunia. Akija mtu kuwauzia "kampeni" au "mradi wa kuingiza data" kwa ada ya kuanzia, mfukuzeni bila hata kumpa chai. Mwenye kazi ya kweli hamtozi mfanyakazi wake kiingilio.

Haya, tuseme mmebahatika. Mmempata mteja wa kweli, moja kwa moja, anayelipa dola 5 kwa saa. Saa hiyo ni ya mtu aliye kwenye simu au anayeisubiri simu. Muda anaokula, anaougua, anaofundishwa au anaongoja umeme urudi, huo ni wako. Kati ya saa 45 unazomlipa kwa wiki, ukiuza 34 umejitahidi. Kwa mwezi zinakuwa kama saa 146, yaani dola 730, na dola ikiwa shilingi 3,600 mnapata kama milioni 2.6 kwa kila kiti. Mpe mfanyakazi milioni moja, weka laki moja ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambayo ni asilimia 10 ya mwajiri. Halafu kuna gari la kumrudisha nyumbani usiku, maana New York inapofungua saa tatu asubuhi wakati wa baridi, kwetu ni saa kumi na moja jioni, na zamu itaisha saa saba usiku. Ongeza fungu lake la mshahara wa msimamizi, mkaguzi wa ubora na fundi wa kompyuta, leseni za programu zinazolipwa kwa dola, laini mbili za intaneti za kampuni tofauti, dizeli, pango. Kitabaki kitu, sikatai.

Lakini kitabaki lini? Mwezi wa kwanza ni mafunzo, na kwa mteja mdogo mafunzo hayo huwa juu yenu. Mwezi wa pili mnafanya kazi. Mwisho wake mnatuma ankara, na mkataba unasema siku 60. Hadi fedha ya kwanza inaingia, mmelipa mishahara ya miezi minne. Watu 20 kwa milioni 1.1 ni milioni 22. Mara nne ni milioni 88. Ninyi mna 60, na bado hamjanunua hata kiti kimoja, na yule wa Ntinda anataka miezi sita yake. Kampuni nyingi ndogo ninazozijua hazikufa kwa kukosa kazi. Zilikufa katikati ya mwezi wa tatu zikiwa na kazi tele mezani, na wafanyakazi wakiwa wameanza kuulizana kwa WhatsApp kama kuna mshahara.

Tena kwenye simu udogo wenyewe ni hasara. Mhandisi wa Denmark aitwaye Erlang aliipigia hesabu foleni ya simu tangu 1917, na hesabu yake inatumika hadi leo. Ahadi ya kawaida ni kwamba simu 80 kati ya 100 zipokelewe ndani ya sekunde 20. Timu ya watu mia inaitimiza huku kila mmoja akiwa na kazi karibu saa nzima, kwa sababu simu nyingi zikija kwa mkupuo huku, kule kuna aliyemaliza. Timu ya watu 14 lazima iwe na watu waliokaa bure ili itimize ahadi ileile. Wewe umeliona hilo kwa macho: dirisha lenye afisa mmoja, akienda chai, foleni inafika barabarani. Kwa hiyo mkubwa anaweza kuuza kwa dola 5 na kupata faida pale ambapo wewe unajikuna kichwa.

Kuhusu umeme na intaneti nitasema machache, watu huwa wanayakuza. Umeme ukikatika kuna inveta na jenereta, ni gharama tu, ipigie hesabu. Intaneti yetu inatoka baharini kwa watu: inapanda kutoka Mombasa kupitia mpaka wako huo, au upande wa Tanzania kupitia Mutukula. Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, kanda nzima ilikwama. Mteja anaelewa mambo ya bahari. Atakalokuuliza kwa jicho la pembeni ni Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima siku kama tano wakati wa uchaguzi. Hapo usibabaike wala usianze siasa. Mweleze mpango wako. Na mpango wako ni mzuri kuliko wa mtu yeyote wa Ntinda, kwa sababu wewe ukivuka daraja umeshaingia mtandao wa nchi nyingine. Meza mbili za kukodi Malaba ya Kenya zinatosha kuwa akiba. Nimekutana na kampuni kubwa za Kampala zinazolipia hoteli Nairobi kwa jambo hilohilo.

Sasa mwenzenu mbishi. Februari 2024 kampuni ya Klarna ya Sweden ilitangaza kwamba programu yake ya akili mnemba, katika mwezi wa kwanza, imeshughulikia mazungumzo milioni 2.3 ya wateja, kazi ya watu 700. Hisa za Teleperformance ziliporomoka vibaya mara baada ya tangazo hilo. Mwaka uliofuata Klarna hiyohiyo ikaanza kurudisha watu kwenye simu, kwa sababu wateja wenye matatizo ya kweli walikuwa wanataka binadamu. Kwa hiyo tusiseme kazi zote zinakwisha. Swali la "salio langu ni kiasi gani" au "nibadilishe vipi neno la siri" linakwenda kwa mashine na halirudi. Yanabaki yale magumu, yenye hasira ndani yake, yenye fedha za mtu na sheria. Na viti ishirini vipya, vyenye vijana wa wiki nne za mafunzo, huanza na nini? Huanza na yale mepesi. Hapo mbishi amewashinda.

Mtu mwingine atawaambia mwingie kwenye kufundisha hizo akili mnemba zenyewe, kuchora mistari kwenye picha na kupanga maandishi. Kazi hiyo ipo, hata Gulu, kaskazini mwa Uganda, imefanywa na kampuni ya Sama kwa miaka. Lakini bei inapangwa na mnunuzi, na Nairobi kesi za waliokuwa wakikagua picha na video za kutisha kwa ajili ya Facebook ziko mahakamani tangu 2022. Siwashauri mwanzie huko.

Turudi forodhani.

Unajua kuisoma ankara ya muuzaji wa Guangzhou ukagundua uzito haulingani na orodha ya shehena. Unajua bidhaa ipi inaingia kundi la asilimia 25 na ipi ni 35 tangu ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ulipobadilishwa Julai 2022, na unajua kosa hilo moja linamgharimu mwenye mzigo kiasi gani. Umefanya kazi kwenye mfumo wa URA, mamlaka yetu ya mapato, na umeuona wa Kenya. Ulikuwa hujaanza eneo moja la forodha la Afrika Mashariki lilipoingia mwaka 2014 na mizigo ikaanza kulipiwa ushuru ikiwa bado Mombasa, lakini bila shaka wazee wa Malaba wamekusimulia jinsi mawakala walivyolia kwamba mpaka umekufa. Kilichokufa ni kukimbia na makaratasi. Makaratasi yenyewe yaliingia kwenye kompyuta, na kompyuta inaweza kukaa popote.

Kuandaa nyaraka za forodha kwa ajili ya kampuni nyingine ni BPO. Haina kelele, haina vipaza sauti vya kichwani, haimpendezi mpiga picha wa gazeti. Lakini mpinzani wako si kijana wa Manila mwenye lafudhi ya California, maana yeye hajui kitu kuhusu gari la tani 28 lililokwama kwa sababu ya namba ya kontena. Na mashine? Mashine inanakili ankara vizuri sana siku hizi, iacheni inakili. Kazi ya kunakili tu itakwenda, msiiuze. Uzeni ile ya kusema "hapa mmekosea" kabla mzigo haujafika, na kubeba lawama msiposema.

Wateja wa kwanza unawafahamu kwa majina: wasafirishaji wa Mombasa na Kampala ambao kila mwisho wa mwezi wanazidiwa. Kaeni hapo Malaba, ninyi wanne na vijana wawili, kompyuta sita. Msitoze kwa saa, tozeni kwa faili, na muombe malipo ndani ya siku 15. Mteja mdogo wa nyumbani hukubali masharti ambayo mkubwa wa ng'ambo hawezi kuyasikia. Watakuwa na woga mmoja ambao lazima uutibu mapema: kwamba wewe, wakala mwenzao, ukiziona nyaraka utamwendea mwenye mzigo na kumchukua. Andikeni kwenye mkataba kwamba hamtamgusa mteja wao kwa muda fulani hata mkiachana, na muweke faini ya kuuma. Ukikwepa sharti hilo watakupa faili mbovu tu.

Tangu faili ya kwanza, wekeni daftari. Faili ngapi zimeingia, ilichukua dakika ngapi, makosa mangapi yalirudi, kosa la nani. Miezi sita ya daftari hilo ina thamani kuliko tovuti yoyote mtakayotengenezewa, kwa sababu mteja wa ng'ambo atauliza hayohayo na wengi huwa hawana la kumwonyesha.

Na mteja wa ng'ambo ninayemfikiria hayuko Marekani. Uingereza ilipotoka kwenye soko la Ulaya, kuanzia Januari 2021 bidhaa kati yao na majirani zao zilianza kuhitaji matamko ya forodha ambayo hayakuwapo kwa miaka mingi. Wasafirishaji wadogo wa huko ghafla wakawa na makaratasi kama yenu. London inapofungua saa tatu asubuhi, kwetu ni saa sita mchana wakati wa baridi na saa tano wakati wa kiangazi. Hiyo ni zamu ya mchana, hakuna gari la usiku. Ninyi mtaandaa na kukagua, mwenyewe atawasilisha kwa jina lake, kwa hiyo dhamana ya kisheria inabaki kwake. Sheria zao mtazisoma upya, msijidanganye kwamba forodha ni forodha tu, lakini namba za HS, zile za kupanga bidhaa kwa makundi, zina mzizi mmoja duniani kote, na mzizi huo mnao.

Atakapowauliza kuhusu usalama wa taarifa, mambo mawili. Hapa nyumbani tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na mnapaswa kusajiliwa katika ofisi ya ulinzi wa data iliyo chini ya NITA-U. Upande wake, Uganda haimo kwenye orodha ya nchi zinazopokea data bila masharti, hivyo atawaletea mkataba maalumu wa kuhamisha data. Usomeni wote, kisha mfanye linalowezekana kweli: simu hazikai mezani, flashi haziingii kwenye kompyuta, mtu akiacha kazi nywila yake inafungwa siku hiyohiyo. Huduma inayouzwa nje hutozwa VAT ya asilimia sifuri, ila hifadhini mikataba na hati za benki, URA wakija hawataki hadithi.

Simu msizisahau kabisa, naona moyo wenu uko huko. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwenye mzigo wa Goma, Bukavu au Bunia ana swali moja usiku na mchana: gari langu liko wapi? Analiuliza kwa Kiswahili, akikasirika anahamia Kifaransa. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi, na Wakongo wanaozungumza lugha zote mbili tunao wengi, Kampala na makambini kusini magharibi. Vijana wawili wa namna hiyo, wakikaa pembeni ya mtu anayejua faili iko hatua gani, ni kituo cha simu ambacho jitu la Paris halitajisumbua kukifungua. Mkenya anaweza, na huyo ndiye mshindani wenu wa kweli. Mwahini. Bila shaka shemeji yako anajua mishahara wanayolipana Nairobi, muulize.

Mwenye jengo wa Ntinda mpigie simu leo, si mwisho wa mwezi. Kama mmempa kishika nafasi, mdai kabla hamjaandikiana chochote, akikataa kukirudisha chote chukueni nusu muondoke. Na huyo mwenzenu mbishi, mpeni kazi ya kukagua faili kabla hazijatoka.